Mlima Wenye Walinzi Wawili

Oktoba 2010 serikali ya Kenya ilichapisha orodha ya makundi 33 yaliyopigwa marufuku chini ya Sheria ya Kuzuia Uhalifu wa Kupangwa. Ukiisoma ukiwa Kisumu, kwanza utacheka. Baghdad Boys wamo. American Marines wamo. China Squad. Taliban. Ni kama vijana wa nchi nzima waliketi mbele ya taarifa ya habari, kila mtu akachagua vita vya kuvaa. Hawa wa kwetu, Baghdad na Marines, bado utasikia wakitajwa Kondele, na nusu ya hizo stori ni porojo tupu.

Lakini kwenye orodha hiyo hiyo kuna jina ambalo halichekeshi: Sabaot Land Defence Force, SLDF. Yaani jeshi la kulinda ardhi ya Wasabaot. Wakazi wa Mlima Elgon, huko juu ya Bungoma, waliwaita Janjaweed. Jina limetoka Darfur, na hapo halikuwa utani.

Mimi niliacha chuo mwaka wa pili. Nilikuwa nasomea historia, karo ikakwama, siku hizi naandika popote wanapolipa. Darasani mwaka wa 2008 ulikuwa na maana moja tu: uchaguzi, kisha Kisumu, Naivasha, Eldoret, kisha Kofi Annan na mkono wa maridhiano. Tume ya Waki ilihesabu watu 1,133 waliouawa katika fujo hizo, 405 kati yao kwa risasi. Hayo tunayajua, sisi wa Kisumu hasa. Mlima Elgon hatukuusoma hata aya moja, ingawa ulikuwa ukiwaka kabla ya uchaguzi na ukaendelea kuwaka baada ya watu kupeana mikono Nairobi.

Chanzo ni ardhi, na stori ni ndefu kuliko vita vyenyewe. Kuanzia 1971 serikali ilifungua mpango wa makazi wa Chebyuk ili kuwashusha watu waliokuwa wakiishi Chepkitale, kwenye nyanda za juu za mlima. Hao ndio Mosop, ambao wengine huwaita Ndorobo. Wenzao wa chini, Soy, nao walidai sehemu, wengine wakanunua, wengine wakakodi, wakajenga. Awamu ya kwanza ikazaa ya pili, ya pili ikafutwa, ikaja ya tatu. Kila awamu ilibatilisha karatasi za iliyotangulia, na kila uchaguzi ulileta mwanasiasa wa kuahidi kupanga upya. Mwaka 2006 awamu ya tatu ikagawa vipande vya ekari mbili na nusu, na watu ambao walikuwa wamelima hapo kwa miaka mingi wakaambiwa wahame. Hapo ndipo SLDF ikapata vijana, na ikampata kamanda, Wycliffe Matakwei Komon.

Kwa jina walikuwa walinzi. Kwa vitendo walianza kwa kuwafukuza waliopewa vipande, wakaendelea kwa kuwageukia majirani wao Wabukusu na Wateso, kisha Wasoy wenzao waliothubutu kusema imetosha. Nyumba ilitozwa ushuru: mahindi, ng'ombe, sehemu ya mshahara wa mwalimu. Nyumba isiyo na cha kutoa ilidaiwa kijana. Waliweka hata mahakama zao. Kwenda polisi kulikuwa kosa, na adhabu iliyojulikana zaidi ilikuwa kukatwa sikio.

Nimeifikiria sana hiyo adhabu. Maiti huzikwa, watu wakarudi shambani. Mtu asiye na sikio anaenda sokoni kila wiki, na kila anayemwona anakumbuka kunyamaza. Ni tangazo linalotembea, na halina gharama. Human Rights Watch walipoandika ripoti yao Julai 2008 walikadiria kwamba kundi hili lilikuwa limeua zaidi ya watu 600, na makumi ya maelfu walikuwa wamehama makwao. Kwa karibu miaka miwili mkulima wa Cheptais au Kopsiro aliishi hivyo, na kituo cha polisi kilikuwepo.

Machi 2008 likaja jeshi. Operesheni iliitwa Okoa Maisha. Watu walishangilia, na usiwalaumu: ungekuwa wewe, umelipa ushuru kwa watu wenye bunduki kwa miaka miwili, ungeshangilia pia. Na kazi ilifanyika. Mei 16 mwaka huo Matakwei aliuawa, kundi likasambaratika. Kama swali ni kama SLDF ilishindwa, jibu ni ndiyo.

Ila ripoti ile ya Human Rights Watch inaitwa, kwa tafsiri yangu, "Wanaume Wote Wamekwisha". Wanajeshi walizunguka vijiji na kuwabeba wanaume kwa maelfu, vijana kwa wazee, wakawapeleka kwenye kambi ya Kapkota. Huko walipigwa, kisha wakapitishwa mbele ya watoa habari ili wachujwe. Wengine walifikishwa mahakamani Bungoma. Wengine hawakuonekana tena. Tume ya Kitaifa ya Haki za Kibinadamu ilitoa ripoti ya mateso hayo mwezi Mei, watu wakiwa bado wanashikiliwa. Jeshi lilikana.

Ebu mfikirie mwanamume mmoja wa hapo, asiye na bunduki. SLDF ilimwambia: kama huko nasi, wewe ni msaliti. Alitoa gunia lake la mahindi ili aishi. Jeshi likaja likamwambia: ulitoa mahindi, basi wewe ni mmoja wao. Gunia lile lile. Sheria ya vita, hata ile inayohusu vita vya ndani ya nchi, ina sharti moja la msingi, kwamba lazima umtenganishe raia na mpiganaji. Mlimani raia hakupewa nafasi ya kuwa raia tu. Kila aliyekuja na jina la kulinda alianza kwa kumuuliza yeye ni wa upande gani.

Waliowalinda kwa namna niliyoweza kuithibitisha hawakuwa na silaha. Madaktari Wasio na Mipaka walikuwa huko wakitibu watu, na wakachapisha ripoti wakiuliza kama kuna mtu anayejali. Watetezi wa haki wa Bungoma waliandika majina: nani, kijiji gani, siku gani, alichukuliwa na nani. Daftari tu. Bila hayo madaftari leo tungekuwa tunabishana kama watu hao waliwahi kuwepo. Kufikia 2011 hesabu ya waliopotea mikononi mwa pande zote mbili ilikuwa zaidi ya 300.

Mwaka 2010 shirika la IMLU lilipeleka kesi ya mlima huu kwenye Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha. Juni 2011 majaji wa kwanza walikubali kuisikiliza. Machi 2012 majaji wa rufaa wakaitupa, kwa sababu mkataba wa jumuiya unampa mtu miezi miwili tu ya kushtaki. Miezi miwili! Ndani ya muda huo mwanamke wa Kapsokwony alikuwa bado anazunguka vituo na magereza akiuliza kama jina la mumewe liko kwenye kitabu.

Sheria ya Ushahidi ya Kenya nayo ina saa yake. Mtu asiposikika kwa miaka saba, ndipo anapohesabiwa amekufa. Aliyebebwa Aprili 2008 alikufa kisheria Aprili 2015. Katikati hapo mkewe si mjane wala si mke. Hana cheti cha kifo, hawezi kufungua kesi ya urithi, na shamba, lile lile lililoanzisha balaa lote, liko kwa jina la mtu ambaye hayupo. Shemeji akija na panga kusema kipande ni chake, mama huyu ataonyesha karatasi gani?

Sisi wa rika langu tulijifunza neno "kutekwa" mwaka 2024, baada ya maandamano ya Juni, tukiona picha za vijana wenzetu zikisambaa simuni. Kufikia Desemba mwaka huo Tume ya Haki ilikuwa imehesabu visa 82. Wengi mjini walisema hawajawahi kuona kitu kama hicho. Mlimani walikuwa wameona.

Kuna mkataba wa kimataifa unaokataza serikali kupoteza watu, na unaipa familia haki ya kujua ukweli. Kenya iliutia saini Februari 2007, mwaka mmoja na mwezi kabla ya Okoa Maisha. Hadi naandika haya, haijauridhia.