Uzi: Mita 6 au mita 30? Nairobi ilijengwa kwa kinamasi

UZI. Kila mvua ikizidi, mjadala ni uleule: "Si waliamua wenyewe kujenga kando ya mto? Waondoke." Kabla hujabonyeza kutuma, soma hii.

Mimi ni mwalimu, nasimamia klabu ya mazingira katika shule moja ya Eastlands iliyo karibu na mto. Nilipeleka wanafunzi Ondiri, kile kinamasi cha Kikuyu ambako Mto Nairobi unaanzia. Ukikanyaga pale, ardhi inatikisika, maana chini ni maji na mizizi iliyooza. Walicheka sana. Halafu mmoja akaniuliza, "Mwalimu, kwani hata kwetu kulikuwa hivi?"

Ndiyo. Enkare Nairobi ni Kimaasai, maji baridi. Wafugaji walinywesha ng'ombe hapa. Reli ilipofika kutoka Mombasa, Mei 1899, wahandisi walitaka mahali tambarare pa kuweka karakana kabla ya kupanda kuelekea Bonde la Ufa. Kwamba ni kinamasi, hiyo haikuwazuia.

Tauni ikaingia 1902. Soko la Wahindi likachomwa moto kwa amri ya serikali. Kulikuwa na madaktari waliotaka mji wote uhamishwe pahali penye mwinuko. Haukuhamishwa, pesa zilikuwa zimeshamwagwa pale.

Sasa shika hapa. Baadaye ikaja ripoti ya Profesa Simpson: watu watengwe kwa rangi, sababu eti ni afya. Wazungu wakabaki na miinuko ya magharibi. Mwafrika akapangiwa mashariki, chini, kwa ule udongo mweusi ambao mvua ikinyesha maji yanasimama tu. Kwa hivyo ukisema "waliamua wenyewe", jiulize ni nani alichora ramani.

Lakini (na hapa najua baadhi yenu mtanikasirikia) mto nao haujui historia. Mafunjo hupunguza kasi ya maji na kushika matope. Ukiyafukia ujenge, maji hayapotei, yanahamia kwa jirani wa chini. Anayewaambia watu wakae hapo milele kwa sababu anataka kura zao, huyo pia hawapendi.

Kanuni zetu zinasema mita 6 hadi 30 kila upande, kulingana na kiwango cha juu zaidi cha mafuriko kilichowahi kurekodiwa. Mafuriko ya 2024 yalipotokea, amri ikawa mita 30, na nyumba za Mathare na Mukuru zikabomolewa. Kwa hivyo mgombea akikwambia "tutalinda mito", muulize: unapimia wapi? Na ile ghala yenye ukuta wa mawe ng'ambo ya mto, utaipima kwa kanda hiyohiyo?

Sisi tulipima. Mita 6 zikaishia kwa uwanja. Mita 30 zikaishia ndani ya jikoni la shule, karibu na sufuria ya githeri. Wakacheka tena, isipokuwa msichana mmoja. Kwao ni chini zaidi ya jikoni. "Mwalimu, na sisi tutaenda wapi?" Sikuwa na jibu, na sikujifanya ninalo.

Tukarudi darasani na Katiba. Kifungu cha 42 kinampa kila mtu haki ya mazingira safi. Cha 70 kinakuruhusu kwenda kortini kuidai bila kuthibitisha kwamba wewe binafsi umeumia. Wanafunzi wakaandika barua, yeye ndiye akaongoza. Waliomba mambo mawili: vigingi viwekwe pande zote mbili za mto, na familia zionyeshwe pa kuhamia kabla tingatinga halijawashwa.

Shimo letu la taka, ambalo lilikuwa linamwaga uchafu mtoni, tumelifunga na kulihamishia upande wa barabara. Pale lilipokuwa, mafunjo yameanza kuota yenyewe. Barua iko kwa ofisi moja mjini, imepigwa muhuri wa kupokelewa. Wanafunzi huniuliza kila Jumatatu kama imejibiwa.