Linux ilivyohama mara mbili: kwa kura, kisha kwa subira

Februari 2014, wajumbe wanane wa Kamati ya Ufundi ya Debian, mojawapo ya distro (matoleo) za Linux, walipiga kura, zikalingana nne kwa nne. Mwenyekiti wao, Bdale Garbee, akatumia kura yake ya uamuzi, na systemd ikapita. Siku tatu baadaye Mark Shuttleworth, mwanzilishi wa Ubuntu, akatangaza kwamba nao watafuata njia hiyo, ingawa kampuni yake ya Canonical ndiyo iliyotengeneza Upstart, programu iliyoshindwa.

Kilichogombewa ni kitu ambacho mtumiaji wa kawaida hakioni kamwe: programu ya kwanza kuamka kompyuta inapowaka, ile inayopewa namba 1 na kuziamsha nyingine zote. Kwa miaka mingi Linux ilitegemea sysvinit, iliyofuata mtindo wa UNIX System V ya 1983. Ukifungua folda ya /etc/rc3.d kwenye mashine ya zamani, utakuta majina ya faili yanayoanza na herufi S na namba mbili. Namba hizo ndizo foleni: S10 humaliza kwanza, S20 ikafuata. Mtandao ukichelewa, wote walio nyuma yake wanangoja, hata wasiouhitaji.

Upstart ilijaribu kuivunja foleni hiyo kuanzia Ubuntu ya Oktoba 2006. Kisha tarehe 30 Aprili 2010 Lennart Poettering, mhandisi wa Red Hat, akachapisha mpango alioufikiria pamoja na Kay Sievers. Wazo lake kuu tayari lilikuwa likitumika katika launchd ya Apple: badala ya kuzipanga huduma kwa zamu, fungua soketi zote (milango ya kupokelea ujumbe) kwanza, kisha ziamshe huduma kwa pamoja. Huduma ikiitwa kabla haijawa tayari, keneli, kiini cha mfumo, hushikilia ujumbe mpaka mwenyewe aamke. Distro ya Fedora ikaipokea systemd Mei 2011.

Kama ingeishia kwenye kuwasha mashine haraka, sidhani kama watu wangegombana. Lakini systemd ilizidi kupanuka. Ikachukua kumbukumbu za matukio na kuzihifadhi kwa namna isiyosomeka kwa kufungua faili tu, kama mafundi walivyozoea. Ikaimeza udev, inayotambua vifaa. Ikachukua pia usimamizi wa watumiaji wanaoingia, na mazingira ya mezani ya GNOME yakaanza kuegemea hapo. Waliolelewa katika desturi ya UNIX, kwamba programu ifanye kazi moja na kuifanya vizuri, waliona mradi mmoja unahodhi kila kitu. Oktoba 2014 Poettering alilalamika hadharani kuhusu matusi na vitisho alivyokuwa akipata. Mwezi uliofuata Ian Jackson, aliyeipinga systemd ndani ya Kamati ya Ufundi, akajiuzulu ujumbe, na kundi lililokataa matokeo likatangaza Debian yake isiyo na systemd, Devuan. Aprili 2015 Debian 8 na Ubuntu 15.04 zikatoka, zote zikiwaka kwa systemd.

Miongoni mwa wajumbe wanne walioiunga mkono systemd alikuwemo Keith Packard, na jina lake linatuingiza katika uhamaji wa pili, kwani yeye ni mkongwe wa X.

X ndiyo iliyokuwa ikichora madirisha ya Linux tangu Linux ianze kuwa na madirisha. Ilizaliwa MIT, Marekani, mwaka 1984, pale Bob Scheifler alipochukua W, programu kutoka Chuo Kikuu cha Stanford, na kuiandika upya. X11, toleo linalotumika hadi leo, lilitoka Septemba 1987. Lilitungwa kwa ajili ya chuo chenye mashine nyingi: programu inaendeshwa kwenye kompyuta ya jengo moja, dirisha lake linaonekana jengo jingine. Waliolitunga hawakuweka kuta kati ya dirisha na dirisha.

Ipo programu ndogo ya enzi hizo iitwayo xeyes. Inachora macho mawili yanayofuata kipanya popote kiendapo kwenye skrini. Inachekesha, hadi ujiulize imejuaje kipanya kilipo wakati hukigusishi dirisha lake. Jibu ni kwamba X huiruhusu. Na kwa mlango huohuo, programu yoyote iliyo kwenye skrini yako yaweza kusoma unachoandika katika dirisha la jirani, nywila ikiwemo. Umri nao ulikuwa na gharama yake: Januari 2014 lilizibwa tundu la usalama katika usomaji wa faili za fonti lililokuwemo tangu 1991.

Mwaka 2008 Kristian Høgsberg, naye wakati huo wa Red Hat, alianza Wayland, akaipa jina la mji wa Massachusetts. Aliona kwamba programu za kisasa zilishaanza kujichorea zenyewe, na X imebaki kupokezana picha tu. Katika Wayland kila programu huchora dirisha lake na kumkabidhi msimamizi mmoja anayeyapanga yote. Hakuna anayeona la mwenzake. Ukiendesha xeyes humo, macho huganda kipanya kikihamia kwenye dirisha la Wayland.

Uzuri huo ndio uliochelewesha safari. Kupiga picha ya skrini, kuonyesha skrini kwenye kikao cha mtandaoni, kuendesha kompyuta kwa mbali, vyote vilitegemea ule mlango wazi, na kila kimoja kilibidi kitafutiwe njia mpya ya kuomba ruhusa. Shuttleworth, aliyesema mwaka 2010 kwamba Ubuntu ingehamia Wayland, alibadili mawazo Machi 2013 na kutangaza Mir, chombo chake mwenyewe, kabla ya kuuacha mpango huo kwenye kompyuta za mezani Aprili 2017. NVIDIA, kampuni ya kadi za michoro, nayo iling'ang'ania njia yake ya kupokezana picha hadi 2021, ilipokubali ile ya wengine. Ni kampuni hiyohiyo ambayo Linus Torvalds, mwanzilishi wa Linux, aliionyesha kidole cha matusi mbele ya kamera huko Ufini mwaka 2012.

Fedora ilitangulia Novemba 2016. Ubuntu ilijaribu 2017, ikarudi X mwaka uliofuata, ikahama tena 2021. Kwa maoni yangu, tofauti ya mwendo ina sababu ya wazi. Systemd ilijua kusoma skripti za zamani, kwa hiyo kura za watu wachache zilitosha. Wayland haikuwa na sanduku la kura: kila mtengeneza draiva na kila mazingira ya mezani yalipaswa kuhama yenyewe. Kura ya Debian iliacha majeraha, lakini ilimaliza ubishi.

Mei 2025 Red Hat Enterprise Linux 10 ilitoka bila Xorg, seva ya X. Oktoba mwaka huohuo Ubuntu 25.10 ikafuta chaguo la kuingia GNOME kwa X. Programu za zamani bado zinafunguka kupitia Xwayland, daraja la X ndani ya Wayland, kwa hiyo huenda hata hujatambua kwamba umehamishwa. Fungua terminali, andika echo $XDG_SESSION_TYPE, utajibiwa x11 au wayland. Ukijibiwa x11, anza sasa kuzijaribu programu zako za kazi ndani ya Wayland, kabla distro yako haijakuamulia.