Kujenga Mulongwe: karatasi ya shefu, karatasi ya serikali, na mto

Mulongwe, nyumba nyingi zinaanza kusimama kabla ya mtu kuomba ruhusa yoyote ya kujenga. Mnunuzi anaandikiana na muuzaji mbele ya mashahidi, shefu wa kartie anapiga muhuri, kesho yake mchanga na mawe vinashushwa kwenye parsele. Ukiuliza karatasi ya kujenga iko wapi, jibu ni lilelile: "Miye niko na karatasi ya shefu, inatosha." Haitoshi. Karatasi hiyo inashuhudia kwamba pesa zilitoka kwa huyu zikaenda kwa yule, basi. Haisemi kama muuzaji alikuwa na haki ya kuuza. Haisemi pia kama mahali penyewe panaruhusiwa kujengwa, na Mulongwe hilo ndilo swali zito kuliko yote.

Mulongwe ni jina la mto kwanza. Kartie na komini vimechukua jina hilo kwake. Mji wa Uvira umebanwa kati ya milima ya Mitumba na Ziwa Tanganyika, na mito inayoshuka kutoka juu, Mulongwe, Kavimvira, Kalimabenge, inapita katikati ya nyumba kabla ya kufika ziwani. Usiku wa tarehe 16 kuamkia 17 mwezi wa nne mwaka 2020, mvua kubwa ilinyesha milimani na mito ikatoka njiani mwake. Zaidi ya watu 40 walikufa, maelfu ya nyumba yakabomoka au kujaa matope na mawe, na mabomba ya Regideso yakakauka, kwa sababu maji ya mji huu yanachotwa kwenye mto huohuo wa Mulongwe. Baadhi ya waliopoteza nyumba walipelekwa upande wa Kigongo. Wengine walirudi palepale kando ya mto, wakaokota matofali yaliyobaki na kuanza tena.

Kati ya hao waliorudi kuna waliokuwa na karatasi, tena zenye mihuri. Hapa sheria inabidi ifahamike vizuri.

Sheria ya ardhi ya Congo ni ya tarehe 20 mwezi wa saba 1973, nambari 73-021, iliyorekebishwa mwaka 1980. Inasema udongo wote ni mali ya serikali, na serikali haiuzi udongo huo. Kinachouzwa kati ya watu ni haki ya kuutumia, pamoja na nyumba na vitu vilivyo juu yake. Halafu kuna ardhi ambayo hata haki hiyo haitolewi, yaani ile ya matumizi ya watu wote: barabara, na kitanda cha kila ziwa na kila mto, uwe mto wa mitumbwi au kijito cha kuvuka kwa miguu. Mkataba uliotolewa kinyume cha sheria hiyo ni bure, hata ukiwa na saini tatu. Kwa hiyo mtu aliyeuziwa kipande cha njia ya mto hakununua kitu. Kinachomuumiza zaidi ni kwamba anakuja kujua siku ya kubomolewa, au siku ya mafuriko, wakati muuzaji amekwisha kula pesa na pengine amehama.

Ni rahisi kudanganyika. Parsele ikitembelewa mwezi wa saba, wakati wa kiangazi, mto ni uzi wa maji kati ya mawe na watoto wanavuka bila kukunja suruali. Bei ni nzuri, mahali ni karibu na soko. Mwenye akili anarudi kuitazama mwezi wa nne, tena siku ya mvua, na anauliza majirani waliokuwapo mwaka 2020 maji yalifika wapi. Ziwa nalo lina tabia yake. Maji ya Tanganyika yana mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga kule Kalemie, na miaka ya mvua nyingi ziwa linapanda polepole na kukaa juu kwa miezi. Mwaka 2024 liliingia ndani ya nyumba za watu kwenye ufuko wa Uvira, na baadhi ya wenye nyumba hizo walikuwa wamejenga mahali ambapo miaka kadhaa nyuma palikuwa na mchanga mkavu.

Sasa, karatasi zenyewe. Kuna milango miwili tofauti ambayo watu wanaichanganya. Mmoja ni wa ardhi, mwingine ni wa jengo.

Mlango wa ardhi ni ofisi ya konservateri wa hati za ardhi pamoja na kadastri. Kadastri ndiyo inayotuma mpimaji, anapima parsele, anaweka mawe ya mpaka na kuandika karatasi ya vipimo. Konservateri ndiye anayeandika mkataba. Kwa kiwanja ambacho bado hakijajengwa, mwombaji hapewi hati ya kudumu mara moja. Anapewa kwanza mkataba wa kukodi, ambao kwa Kifaransa unaitwa contrat de location, nao hauwezi kupita miaka mitatu. Ndani ya muda huo anatakiwa kukiendeleza kiwanja, kwa maana ya kujenga kweli, si kupanda mihogo na kuweka ua wa matete. Akifanya hivyo, maofisa wanakuja kuona, wanaandika walichokiona, na kwa Mcongomani mkataba unageuzwa kuwa haki ya kudumu inayoandikwa kwenye certificat d'enregistrement. Karatasi hiyo ya mwisho ndiyo pekee inayothibitisha haki juu ya ardhi mbele ya sheria. Ikitimiza miaka miwili bila kupingwa, kuing'oa ni kazi ngumu sana.

Sheria hii inasukuma watu wajenge haraka. Aliyekaa miaka mitatu bila kuweka kitu anaweza kurudishiwa mkono mtupu, na kiwanja kitupu Uvira hakikosi mtu wa pili wa kukiuzisha. Ndiyo maana wengi wanakimbilia kuchimba msingi kabla ya kupita kwenye mlango wa pili. Ukweli ni kwamba hawana haja ya kusubiri certificat. Kwa kawaida mkataba wa kukodi ambao muda wake haujaisha unatosha kuombea ruhusa ya kujenga.

Mlango wa pili ni ofisi ya Urbanisme na Makao. Ruhusa yenyewe inaitwa permis de construire, ingawa wazee wengi bado wanasema autorisation de bâtir. Msingi wake ni dekrete ya tarehe 20 mwezi wa sita 1957 juu ya mipango ya miji, ya enzi za Wabeleji, na agizo la waziri la tarehe 26 mwezi wa sita 2013 lililopanga upya namna ya kuitoa. Mwombaji anapeleka barua, nakala ya hati ya ardhi, plani ya nyumba, na mchoro unaoonyesha parsele iko wapi na inapakana na nani. Ukubwa wa jengo ndio unaoamua saini itoke ofisi gani. Nyumba ya kawaida ya familia haifuati njia ya jengo la magorofa, na mtu aulize hilo mapema asije akazungushwa kati ya komini, meya na jimbo. Ofisa anatakiwa kufika uwanjani kabla ya kusaini. Ruhusa iliyosainiwa bila mtu kukanyaga parsele haimlindi mwenye nyumba kwa lolote, na anayefurahi kwamba "wamenifanyizia haraka" angefurahi kidogo tu.

Plani isiwe ya kubabaisha. Uvira ni mji unaojua kipindupindu miaka na miaka, kwa hiyo plani inayoonyesha choo kiko wapi, kisima au bomba liko wapi na maji ya mvua yanatokea upande gani ina maana kuliko plani yenye veranda nzuri. Kwenye mteremko wa Mulongwe, maji ya parsele ya juu yakielekezwa vibaya yanaingia kwa jirani wa chini, na ugomvi wa namna hiyo umejaa kwa mashefu wa kartie.

Pesa. Malipo ya serikali yanafuata karatasi: ofisi inaandika kiasi, mtu analipa mahali pa kulipia, anarudi na risiti yenye jina lake na sababu ya malipo. "Lete hapa nitakulipia" si njia. Asiye na risiti, miaka mitano baadaye anaambiwa hakulipa, na yule aliyepokea amekwisha kuhamishwa.

Kuna pia karatasi za kimila. Familia nyingi zilipata ardhi kwa mababu au kwa wakubwa wa ukoo, na pembezoni mwa mji utawala wa Bavira unajulikana na kuheshimiwa. Ushahidi huo una uzito: unaeleza nani alikaa hapo, tangu lini, na nani alimpa. Kwenye ofisi unasaidia kuanzisha dosie, ila hauchukui nafasi ya mkataba wa konservateri ndani ya mji. Kukiwa na ugomvi, ule wa ardhi ya kimila unapelekwa kwenye tribinali de pe, na ule wa watu wenye hati za konservateri unapelekwa kwenye tribinali de grande instance. Kukosea mlango hapo kunakula miezi, na mawakili hawakai kwa bure.

Jambo la wanawake linasahauliwa. Tangu Kanuni ya Familia irekebishwe mwaka 2016, mke hahitaji tena ruhusa ya mume ili afanye tendo la kisheria. Wote wawili wanatakiwa kukubaliana. Mama anayefanya biashara anaweza kuomba kiwanja na ruhusa ya kujenga kwa jina lake, na mume na mke wanaweza kuandikwa wote wawili kwenye mkataba. Inafaa kufanywa siku ile ya kwanza. Baba akifa na karatasi iko kwa jina lake peke yake, warithi wa kwanza kwa sheria ni watoto, na mjane anajikuta anabishana na shemeji zake juu ya nyumba aliyoibebea maji ya kufyatua matofali.

Aliyekwisha kujenga bila ruhusa bado anaweza kwenda Urbanisme kuomba nyumba yake ikaguliwe na kuandikwa. Atalipa, pengine na faini juu yake. Aende na hati ya ardhi mkononi, maana ofisi haiwezi kuhalalisha nyumba iliyo juu ya kiwanja ambacho mwenyewe hana haki nacho. Na kama nyumba iko ndani ya njia ya mto, hakuna malipo yanayoweza kuihalalisha. Huyo, kazi yake ya kwanza ni kumtafuta muuzaji wakati bado anapatikana, na karatasi ya shefu wa kartie, pamoja na majina ya mashahidi walioiwekea saini, ndiyo itakayomsaidia kudai pesa zake.