Injini mbili, na onyo lililopuuzwa

Juzi nikiwa kwenye matatu kutoka Migori kwenda Homa Bay, mpwa wangu aliniuliza: “Mjomba, ndege ya injini mbili, moja ikizima si inabaki nyingine?” Kihesabu ni kweli. Historia inasema vingine.

Tarehe 2 Julai 2014, kabla ya mapambazuko, Fokker 50 iliyobeba miraa ilikuwa ikitoka Jomo Kenyatta, Nairobi, kwenda Mogadishu. Injini ya kushoto ilikuwa na hitilafu. Milio ya tahadhari ilisikika ndege ikingali chini; marubani wakaendelea. Punde ikaangukia jengo huko Embakasi. Wote wanne waliokuwemo walikufa.

Kwa nini? Injini nzima husukuma upande mmoja tu, na ndege hupinda kuelekea ile mbovu. Usukani wa mkia huizuia, mradi mwendo unatosha. Ukipungua, ndege hupinduka. Propela ya injini mbovu nayo hukokota kama breki.

Nami nimewahi kupuuza onyo la kompyuta nikaitoa programu hivyo hivyo. Nilipoteza usiku mmoja wa usingizi.

Nilimjibu mpwa: inabaki nyingine, ndiyo. Lakini onyo likilia na njia ingalipo, simama.