Mnyaa katika Bustani za Babati

Apandaye bustani mjini Babati huanza kwa kuitazama miti ya mbali. Mjakaranda ulitoka Amerika ya Kusini, mkrismasi Madagaska, mparachichi Meksiko, mwembe Bara Hindi. Hatuna ugomvi na wageni hawa, wengine wanatulisha. Lakini mnyaa, mti wa kuzungushia boma tangu zamani, hudhaniwa kuwa ni wa zizini tu. Hali mkoa wenyewe, uliomegwa kutoka Arusha mwaka 2002 na makao yake kuwekwa Babati, una jina la Ziwa Manyara. Nalo ziwa husemekana lilipata jina hilo kwa Wamaasai, ambao mnyaa huuita emanyara.

Wafugaji waliuchagua kwa ujuzi. Kipande cha tawi kikichomekwa ardhini huchipua, kiangazi hakiushindi, na mifugo huuepuka kwa ajili ya utomvu wake mweupe, mkali, ambao ukiingia jichoni hudhuru vibaya. (Mpogoaji na ajihadhari.) Kwa hiyo twaona mahali pake ni mpakani, mbali na michezo ya watoto, na mparachichi ukae ndani, karibu na maji.