Kodi, Ridhaa na Dola: Makoloni ya Marekani, 1763–1791

Simulizi iliyozoeleka husema kwamba walowezi wa Marekani walimwasi mfalme wa Uingereza kwa kuwa walichoshwa na kodi. Simulizi hiyo inakwama tufikapo mwaka 1789, kwani miongoni mwa sheria za kwanza za serikali yao mpya ilikuwa ya kutoza ushuru wa forodha, na miaka miwili baadaye ikafuata kodi ya pombe kali. Je, vita vile vya miaka minane vilikuwa vya kubadilisha mtoza kodi tu? Makala hii inadai kuwa kiini cha mgogoro kilikuwa ridhaa: nani ana haki ya kuchukua mali ya mtu kwa ajili ya umma, na kwa idhini ya nani. Uhuru wa 1776 haukulijibu swali hilo. Jibu lilipatikana katika Katiba ya 1787, nalo lilikuja na walakini wake.

Vita vya Miaka Saba vilipokwisha mwaka 1763, Uingereza ilibaki na deni la takriban pauni milioni 130 na majeshi ya kulishwa ng'ambo. Kwa macho ya London, ilikuwa haki walowezi wachangie. Waingereza wa nyumbani walikuwa wakilipa kodi kubwa kuliko wao. Sheria ya Stempu ya 1765 ikatoza hati za mahakama, leseni, magazeti na hata karata. Oktoba mwaka huohuo wajumbe wa makoloni tisa walikutana New York na kutamka kwamba ni mabaraza yao wenyewe tu yenye mamlaka ya kuwatoza. Hawakuwa wakizua jambo: Virginia ilikuwa na baraza la kuchaguliwa tangu 1619.

Watetezi wa serikali, Thomas Whately akiwa mmoja wao, walijibu kuwa kila mbunge huwakilisha himaya nzima, kama ilivyokuwa kwa miji ya Manchester na Birmingham, ambayo haikuwa na mbunge wake. Daniel Dulany, mwanasheria wa Maryland, aliliona tundu la hoja hiyo. Mkazi wa Birmingham asiye na kura hulipa kodi ileile anayolipa mbunge aliyeipitisha. Mlowezi hutwishwa mzigo ambao mbunge huyo hataubeba, tena unaompunguzia mbunge wake mwenyewe. Pasipo maslahi ya pamoja, uwakilishi hubaki jina tu.

Ushahidi mzito zaidi kwamba kiini kilikuwa ridhaa ni chai. Sheria ya 1773 iliiwezesha Kampuni ya India Mashariki kuuza chai Marekani kwa bei nafuu kuliko awali, lakini ikaacha ushuru mdogo wa peni tatu za Kiingereza kwa kila ratili. Desemba 16, watu wa Boston walitosa baharini makasha 342. Wafanyabiashara waliohofia ushindani walikuwa na sababu zao, lakini umati ulielewa pia kwamba kuinunua chai hiyo rahisi kungekuwa kukiri kanuni ambayo Bunge la Uingereza lilikuwa limeitangaza mwaka 1766, kwamba lina uwezo wa kuyatungia makoloni sheria katika kila jambo. London ilijibu kwa kuifunga bandari ya Boston na kuibana serikali ya Massachusetts. Hapo makoloni mengine yakatambua kuwa hata mabaraza yao hayakuwa salama. Septemba 1774 kumi na mawili kati yao yalikutana Philadelphia. Aprili 1775 risasi zililia Lexington. Julai 1776 wakajitenga.

Kujitenga kuliondoa mamlaka yasiyo na ridhaa, lakini hakukuunda mamlaka yenye ridhaa. Mkataba wa Shirikisho uliounganisha makoloni hayo, sasa majimbo, ulianza kazi Machi 1781 na kuinyima Kongresi, bunge lao la pamoja, uwezo wa kutoza kodi. Ingeweza tu kuyaomba majimbo michango, nayo yalitoa kidogo au hayakutoa kabisa. Kuurekebisha mkataba kulihitaji kauli moja ya majimbo yote 13. Pendekezo la ushuru wa asilimia 5 kwa bidhaa za nje lilikataliwa na Rhode Island peke yake mwaka 1782. La pili lilikwamishwa na New York mwaka 1786. Juni 1783 askari waliodai mishahara yao waliizingira Kongresi, nayo ikahama Philadelphia. Kwa kuogopa Bunge lililotoza bila kuwauliza, walikuwa wameunda chombo kilichouliza bila kupewa.

Ndipo Katiba ya 1787 ikachukua nafasi ya mkataba huo. Mwanahistoria Charles Beard alidai mwaka 1913 kwamba Katiba hiyo ilikuwa kazi ya wenye mali na wadai wa serikali. Ana ukweli: uasi wa wakulima wenye madeni huko Massachusetts, ulioongozwa na Daniel Shays mwaka 1786–87, uliwatia matajiri hofu kubwa. Lakini hoja yake inaeleza zaidi walioisukuma Katiba kuliko jinsi ilivyopata uhalali. Iliidhinishwa na mikutano maalumu iliyochaguliwa na wapiga kura, nao walibishana kwelikweli: Massachusetts kura 187 kwa 168, Virginia 89 kwa 79, New York 30 kwa 27. Upinzani wa watu walioipinga Katiba, kama Patrick Henry, ndio uliozaa marekebisho kumi ya 1791 yanayolinda haki za raia. Na katika Katiba yenyewe, miswada ya kodi huanzia katika Baraza la Wawakilishi linalochaguliwa na wananchi, kisha sheria humfikia raia moja kwa moja bila kupitia hisani ya jimbo lake.

Walakini wake umo katika fundo hilohilo la kodi na uwakilishi. Katika kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi na kodi za moja kwa moja, watumwa watano walihesabiwa kama watu watatu. Hivyo waliongeza sauti ya mabwana zao bila kuwa na yao, na Kongresi ikazuiwa kupiga marufuku uingizaji wa watumwa kabla ya 1808. Kanuni iliyotumiwa dhidi ya London, kwamba hakuna anayeweza kumwakilisha mtu ambaye maslahi yao yanagongana, iliachwa mlangoni.

Mwaka 1794 wakulima wa magharibi mwa Pennsylvania walipoikataa kodi ya pombe, Rais Washington aliwapelekea wanamgambo wapatao 13,000. Tofauti yake na Mfalme George III haikuwa katika upole: wakulima wale walikuwa na wabunge, na waliweza kuwaondoa. Mwaka 1802 kodi hiyo ilifutwa na Kongresi iliyochaguliwa kwa ahadi ya kupunguza mzigo wa serikali, bila risasi. Watumwa hawakuwa na njia hiyo, na mgogoro wao ulikuja kuamuliwa kwa vita.