Kwani Mwana Kupona alikuwa mzungu?

Manze, nimechoka kusikia eti ushauri kabla ya ndoa ni mambo ya wazungu na watu wenye pesa za kuchezea. Kama ulimruka Mwana Kupona shuleni, tulia kidogo.

Mwana Kupona binti Msham alikuwa mwanamke wa visiwa vya Lamu, mjane wa Bwana Mataka, yule mtawala wa Siyu aliyewasumbua masultani wa Zanzibar. Mwaka wa 1858 hivi, akiwa mgonjwa, alimtungia binti yake Mwana Hashima utenzi wa beti kama 100 kuhusu maisha ya ndoa. Anamwambia atafute radhi tano: ya Mungu, Mtume, baba, mama na mume. Kisha anaingia kwa mambo ya ndani ya nyumba kabisa: usafi, manukato, kumkanda mume, kumwomba ruhusa kabla ya kutoka.

Najua, hapo kwa ruhusa umekunja uso. Hata mimi. Lakini cheki alichofanya: hakumwacha binti yake aende kubahatisha. Na pwani huo haukuwa ujanja wa mama mmoja. Msichana alikuwa na somo au kungwi wake, mwanamke mtu mzima wa kumfundisha kuhusu mwili na unyumba, yale mambo ambayo mama mzazi angeona haya kuyataja. Bi Kidude, aliyefariki 2013, wengi tunamjua kwa taarabu tu, lakini kule Unguja alijulikana pia kwa unyago.

Sasa wale wa "turudi kwa kungwi" huwa wanaruka swali moja. Kwenye huo mkeka, bwana harusi ameketi wapi? Hayuko. Anayefundishwa kuvumilia ni mmoja, na wa pili anapokea mke aliyeshafundishwa. Huo kwangu ni ushauri nusu.

Ndiyo maana napenda wazo la kuwaweka wote wawili chumba kimoja. Kanisa Katoliki lilisisitiza matayarisho ya ndoa mwaka wa 1981, Papa Yohane Paulo wa Pili alipoandika Familiaris Consortio: yaanze utotoni, yaendelee hadi karibu na harusi. Parokia zingine huyakimbiza kama somo la Ijumaa jioni, lakini angalau wachumba wanasikia maswali wakiwa pamoja.

Lakini sisi wa njoo-tukae? Hakuna somo, hakuna padri, hakuna shangazi. Mtu analeta begi, wiki ijayo analeta meko, basi, mnaishi. Sheria ya Ndoa ya 2014 inatambua ndoa za Kikristo, za kiserikali, za kimila, za Kihindu na za Kiislamu. Kukaa tu pamoja hakumo kwenye hiyo orodha.

Januari 2023 Mahakama ya Upeo iliamua kesi ya watu wawili walioanza kuishi pamoja mwaka wa 1986. Walikuwa wanapigania nyumba hapa Nairobi. Mwanamume alidai walikuwa mume na mke, mwanamke akakana. Majaji walisema kuishi pamoja kuchukuliwe kuwa ndoa kwa nadra sana, na hapo haikuwezekana kwa sababu mwanamke alikuwa bado ameolewa na mtu mwingine. Nyumba ikagawanywa kulingana na mchango wa kila mmoja: 70% kwake, 30% kwa mwanamume.

Fikiria, miaka zaidi ya 30 tangu wahamiane, na majaji ndio wa kuwaambia walikuwa nini. Mshauri yeyote angewauliza mapema: sisi ni nani kwa kila mmoja? Kuna mtu mwingine ambaye hujaachana naye rasmi? Hati itaandikwa jina la nani? Ni maswali ya saa moja hivi, na afadhali yaulizwe kabla mkokoteni wa kubeba kitanda haujafika kwa geti.